Mfuko unaonasa nyuzi za nguo: miezi mitano kwenye mashine zangu, Kunduchi

Nina sehemu yangu ya udobi hapa Kunduchi Mtongani, mashine mbili za mlango wa mbele, moja ya kilo 7 na nyingine ya kilo 10, na huu ni mwaka wa sita. Napokea nguo kwa kilo. Mfuko ninaouzungumzia nimeutumia tangu mwisho wa Agosti hadi wiki iliyopita, mara nne au tano kwa wiki, kwa hiyo ninachokisema nimekiona kwa macho yangu na nimekishika. Naandika kwa sababu nilipotaka kuununua nilitafuta mtu aliyeutumia hapa Dar, kwa maji yetu haya na umeme wetu huu, nikamkosa.

Kwa asiyeujua, ni mfuko mweupe wa kitambaa chepesi cha nailoni, upana wake kama nusu mita na urefu kama robo tatu ya mita, wenye zipu mdomoni. Matundu yake ni maikroni 50, maana yake ukiigawa milimita moja mara ishirini, kipande kimoja ndiyo upana wa tundu. Unatia nguo ndani, unafunga zipu, unauingiza kwenye mashine. Maji na sabuni vinaingia na kutoka, nyuzi zinazokatika zinabaki. Nguo zinazohusika ni za poliesta, akriliki na nailoni, ambazo ni plastiki iliyosokotwa ikawa uzi. Fungua kabati lako uzihesabu: jezi za Simba na Yanga, sweta za shule, mablanketi ya manyoya, madera, na vitenge vingi vya bei nafuu vya Kariakoo ukisoma pindo lake utakuta poliesta tupu.

Wangu uliletwa na ndugu aliyetoka Ujerumani. Ulinisimama shilingi 85,000. Najua hiyo ni hela ya mchele wa mwezi kwa nyumba nyingi, na sikuitoa kirahisi.

Kilichonifanya niitoe ni hiki. Mwezi wa nane tulikwenda Mbudya, mimi na mwanangu wa darasa la nne, kwa boti ya shemeji yangu ambaye ni mvuvi. Tuliondoka alfajiri kabla upepo haujaamka. Tukiwa katikati, kati ya pwani na kisiwa, shemeji akazima mashine, akanyoosha mkono bila kusema neno. Pomboo wanne, mmoja mdogo amejibana ubavuni kwa mama yake. Mkubwa aliibuka karibu nasi kiasi kwamba ningeinama ningemgusa mgongo. Nimekulia pwani na pomboo nimewaona tangu utoto, lakini siku zote kwa mbali, pezi linachomoza na kuzama. Sikuwahi kuisikia pumzi yao. Inatoka ghafla, nzito, kama mpagazi anayetua gunia, na mvuke wake ukatupiga usoni, una uvuguvugu na harufu ya samaki. Tundu la pua juu ya kichwa nililiona likifunguka, likavuta hewa kwa kufumba na kufumbua, likajifunga, maji yakapita juu yake. Mwanangu alijipangusa shavu, akaniambia taratibu, "Mama, amenipumulia."

Tulirudi mtoto hana habari nyingine. Maswali yake yakanifanya nianze kusoma, na katika kusoma nikakutana na utafiti wa mwaka 2024 wa Leslie Hart na wenzake wa Chuo cha Charleston, Marekani. Walikinga pumzi za pomboo 11 wa porini, wa ghuba ya Sarasota kule Florida na ya Barataria kule Louisiana, wakazichunguza kwa hadubini. Wote 11, kila mmoja alikutwa na angalau chembe moja inayoshukiwa kuwa plastiki. Kati ya plastiki walizozitambua ilikuwemo poliesta. Mawimbi yanapovunjika mapovu hurusha chembe hewani, na pomboo huja juu kupumua papo hapo.

Hayo niliyasoma usiku, nimekaa mbele ya mashine inayozungusha mablanketi ya poliesta ya hosteli ya wanafunzi. Nyuma ya ukuta mpira ulikuwa unatapika maji ya kijivu mtaroni. Mtaro wetu unaishia kwenye mikoko, mikoko inafungukia bahari, na kutoka hapo hadi tuliposimama na wale pomboo ni safari ya boti isiyofika nusu saa. Nilikwenda nje na tochi ya simu, nikakinga yale maji kwenye bakuli jeupe la chakula. Yalipotulia, chini kulikuwa na ukungu wa nyuzi za zambarau, nyembamba kuliko unywele, zinatembea kila nikitikisa bakuli. Rangi ilikuwa ile ile ya mablanketi. Sikupata usingizi mzuri.

Sisi wa Dar tumezoea kuitazama plastiki tunayoiona. Chupa zilizojazana chini ya daraja la Salenda mvua za masika zikishusha Msimbazi, mifuko ya rambo tuliyoiaga Juni 2019. Zile angalau mtu anaziokota. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Sarah Nelms walitoa matokeo ya uchunguzi wa mamalia wa baharini 50 waliokufa na kutupwa na maji kwenye fukwe zao, wa aina 10, wakiwemo pomboo, sili na nyangumi mmoja mdogo. Hakuna hata mmoja aliyekutwa tumbo safi. Wastani ulikuwa chembe 5.5 kwa mnyama, na asilimia 84 zilikuwa nyuzi, ambazo walisema zinaweza kutoka kwenye nguo, nyavu na miswaki. Nguo wameitaja ya kwanza. Mtu wa kazi yangu hawezi kuisoma asilimia hiyo akageuza ukurasa.

Swali la shemeji lilikuwa la haki: "Shem, chembe tano kwenye mnyama wa kilo mia mbili zinamfanya nini?" Nilimjibu nilichokisoma. Hizo tano ni zilizokutwa siku ile moja, nyingine zilikwisha kupita. Wale 50 wa Uingereza, waliokufa kwa maradhi ya kuambukiza walikuwa na chembe nyingi kidogo kuliko waliokufa kwa majeraha au kunaswa na nyavu, na watafiti wenyewe walisema hiyo haitoshi kuhukumu. Lakini mwaka 2023 Greg Merrill wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipima viungo vya mamalia wa baharini 32 wa aina 12, na thuluthi mbili yao walikuwa na plastiki ndani ya nyama yenyewe, si tumboni: kwenye mapafu, kwenye tabaka la mafuta chini ya ngozi, na kwenye lile donge la mafuta la paji la uso ambalo pomboo hulitumia kutuma sauti ya kutafutia njia na samaki. Maana yake chembe zinavuka ukuta wa utumbo au wa pafu na kuhamia mwilini. Na plastiki haisafiri peke yake. Ina kemikali zilizochanganywa kiwandani kuilainisha, ziitwazo fthaleti, ambazo huvuruga homoni. Pomboo 17 wa Sarasota walipopimwa mkojo, 12 walikuwa nazo. Shemeji alinyamaza, akasema, "Na sisi tunakula vibua hao hao wanaoliwa na pomboo."

Ni kweli. Sili waliokuwa wakilishwa makrili, samaki wa jamaa ya vibua, wa kuvuliwa baharini katika kituo kimoja cha Cornwall, Uingereza, walichunguzwa mwaka 2018, na karibu nusu ya kinyesi chao kilikuwa na plastiki, na karibu thuluthi moja ya samaki waliolishwa walikuwa nayo pia. Mnyama hamezi plastiki kwa ujinga wake, inamjia ndani ya kitoweo. Kwa nyangumi ni kubwa zaidi. Wale wa nundu wanaopita kwetu kuanzia Julai hadi Novemba wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa, huku hawali sana, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea. Lakini makadirio ya mwaka 2022 yaliyofanywa kwa nyangumi wa pwani ya California yalisema nyangumi wa buluu anaweza kumeza hadi vipande milioni 10 kwa siku, na karibu vyote vinaingia kupitia viumbe anaokula, si maji anayochuja.

Sasa nirudi kwenye mfuko.

Siku ya kwanza nilitia mablanketi mawili ya hosteli, mapya. Mzunguko ulipokwisha nikaufungua mfuko nikaona kama hakuna kitu, nikavunjika moyo. Kosa langu lilikuwa kuukagua ukiwa umelowa. Nyuzi zikilowa zinaganda kwenye kitambaa na hazionekani. Uanike kivulini mpaka ukauke, kisha ugeuze pembe za chini. Pale penye mshono nilikuta mkunjo wa zambarau, laini kama utando wa buibui, unavutika kwa vidole ukatoka wote pamoja. Nilimwita mwanangu aje aone. Akauweka kwenye kiganja, akaupuliza kidogo, ukapeperuka, na sote wawili tukaukimbilia chini kuuokota.

Nguo hazifanani. Jezi iliyofuliwa miaka miwili haitoi kitu cha maana. Blanketi jipya la manyoya na sweta mpya ya akriliki ndizo zinazomwaga, hasa mara tatu nne za mwanzo. Hesabu ya Chuo Kikuu cha Plymouth ya mwaka 2016 ilisema kufua kilo 6 za akriliki kunaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mkupuo mmoja. Januari, wazazi walipoleta sweta za shule zifuliwe kabla ya kuvaliwa, nilielewa wanachosema. Pembe za mfuko zilikuwa za bluu wiki nzima. Kwa miezi mitano nimekusanya gramu 31 kwa mizani ya jikoni. Hiyo ni nyepesi, lakini imejaza kopo la rangi la lita 1.

Kasoro zipo, na nyingine zimenitia hasara. Usiujaze. Nusu yake, ikizidi sana theluthi mbili. Siku moja nilisukumiza mablanketi manne ndani ya mfuko mmoja kwenye mashine ya kilo 10. Kufika kwenye kukamua mzigo wote ukaenda upande mmoja, mashine ikaanza kugonga na kutembea, ikauvuta mpira wa maji machafu ukachomoka, sakafu ikafurika mpaka kwa jirani anayeuza vipodozi. Kwa mashine kubwa unahitaji mifuko miwili ilingane, au mfuko mmoja na mashuka ya pamba nje yake ya kusawazisha uzito. Kumbuka hapo gharama inapanda.

Sabuni ya unga haiyeyuki vizuri ndani, inabaki mabaka meupe kwenye nguo nyeusi. Tumia ya maji. Nguo zenye mchanga wa ufukweni zikung'ute sana kabla, mchanga unajikusanya kwenye mshono na kukwaruza kitambaa. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, usiuache mfuko ukisubiri, kwa sababu nguo ndani zimebanana na zinaambukizana rangi haraka kuliko zikiwa huru. Mimi niliondoka kwa muda wa saa moja kufuata vocha ya simu na kupiga soga; niliporudi jezi nyekundu ilikuwa imeibadilisha rangi fulana nyeupe ya mteja, nikailipa. Na maji yetu ya kisima yana chumvi, kwa hiyo zipu ilianza kukaza mwezi wa tatu wa kuutumia, kishikio kikang'oka. Fundi cherehani wa hapa karibu aliibadilisha kwa shilingi 3,000 na tangu hapo nausuuza kwa maji baridi ya bomba kila Jumamosi. Mshono wenyewe haujafumuka popote.

Kabla ya huu nilijaribu njia za bei rahisi, nizitaje mwingine asipoteze muda. Mfuko wa chandarua haufai kabisa kwa kazi hii, tundu lake limewekwa kuzuia mbu, na mbele ya uzi mwembamba kuliko unywele ni mlango wazi. Halafu nikashona mfuko wa kitambaa kizito cha kuchujia juisi. Huo ulinasa, lakini maji yalishindwa kuingia na kutoka, nguo zikatoka na mapovu yamejaa, nikasuuza mara mbili zaidi na kutumia maji ya simtanki nzima. Ubora wa huu wa kununua uko hapo, katika kupitisha maji na kuzuia uzi kwa pamoja.

Ila haunasi zote, na asikudanganye mtu. Mwaka 2020 wale wale wa Plymouth walilinganisha vifaa sita vya namna hii, matokeo yakawa kati ya asilimia 21 na 78. Mfuko wa aina hii ulipunguza nyuzi kwa asilimia 54. Mimi nilirudia lile jaribio la bakuli jeupe. Ukungu ulikuwepo bado, lakini hafifu, ilibidi niazime macho ya mwanangu.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayakulifikiria kwa sababu hayakuandikwa kwa ajili ya Dar. Yanasema nyuzi zitupe kwenye taka. Mwanzoni nilizishindilia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaifunga, nikaiweka kwenye kiroba cha taka. Asubuhi nilimkuta kijana anayeokota chupa za kuuza akiifungua. Akaigonga gonga ukingoni mwa mtaro ili apate chupa tupu, na nyuzi zote za mwezi mzima zikaangukia kwenye maji. Hakuwa na kosa, ndiyo riziki yake. "Shikamoo mama, nilijua uchafu tu," aliniambia nilipomkimbilia. Tulikaa chini nikamweleza, nikamwonyesha zilizobaki kwenye chupa. Alisikiliza. Tangu siku hiyo natumia kopo la rangi la bati lenye mfuniko wa kugongea, ambalo hakuna anayelitaka kwa biashara yake, na likijaa nalifunga kwa gundi ya karatasi na kumkabidhi mtu wa gari la taka mkononi. Usizichome, moshi wa poliesta mnauvuta wenyewe. Usisuuze mfuko kwenye sinki pia ukiwa bado na nyuzi ndani, maana utakuwa umefanya kazi bure.

Anayefua kwa mkono, na ndio wengi wetu, asinunue. Utafiti uliofanywa China na kutolewa mwaka 2023 ulionyesha kufua poliesta kwa mkono hutoa nyuzi chache mno kuliko mashine, ingawa kusugua kwenye ubao huongeza. Mama yangu hufua kwenye karai, anafikicha kwa viganja, na maji anayamwaga chini ya mpapai uani. Bahari haimdai.

Anayestahili kuununua ni mwenye mashine nyumbani na watoto wa shule, na zaidi ya hapo ni sisi wa udobi, hosteli na nyumba za wageni zilizojipanga kutoka hapa mpaka Mbezi Beach. Nyota ninaupa 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa ajili ya zipu na ukubwa wake. Wateja sijawaongezea bei. Nimebandika karatasi ukutani yenye picha ya pomboo aliyoichora mwanangu, na chini yake kopo, na kila anayeuliza namfungulia mfuniko aone kilichotoka kwenye blanketi lake. Mama mmoja wa Ununio alitazama, akaondoka na sweta mbili za akriliki alizokuwa amezileta kwa sababu tu zimekaa kabatini, akasema hazina uchafu wa kufuliwa.

Wa pili nimeshaagiza. Lakini ninachokitaka hasa ni kile kifaa cha asilimia 78, ambacho hakiwekwi ndani na nguo. Ni kichujio kinachofungwa kwenye mpira wa maji machafu. Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2020 inayotaka mashine mpya ziwe na kichujio cha nyuzi, au njia nyingine ya kuzinasa, kuanzia Januari 2025. Desemba nilizunguka Kariakoo nikakagua mashine mpya zaidi ya kumi, sikuona hata moja. Kwa hiyo namtafuta fundi wa hapa mjini, mwenye kujua pampu na vichujio vya maji, tukae tujaribu kutengeneza. Kitambaa cha maikroni 50 nitakitoa mimi, mashine ya majaribio ni ile ya kilo 7, na mablanketi ya hosteli yanaletwa kila Jumatatu saa mbili asubuhi.